Mche Ambao Haukugusa Chini

Shambani kwangu, Mwandiga
12 Novemba 2005

Mpwa wangu Gloriose,

Kaa kwanza, usije ukaanguka. Mimi mjomba wako Telesphory nina bahati mpaka watu wameanza kunikagua shingoni kama nimevaa hirizi. Nimepata shamba! Ekari tatu, Mwandiga, kando ya barabara, udongo mwekundu unaonata kama mkopeshaji. Wala sikulitafuta. Wenzangu wanazunguka kwa wenyeviti wa vijiji na kuku kwapani, mimi nimejikalia zangu, mzee mmoja ananitazama, anasema, "Telesphory, wewe una uso wa mtu mwenye shamba." Basi. Uso huu huu ambao mama yako alikuwa akisema unafaa kufukuzia ndege kwenye mtama.

Kwa furaha nimeruka salamu, nisamehe. Salamu nyingi kama dagaa wa usiku wa giza. Dada Veneranda hajambo? Presha yake imetulia? Mwambie nimenenepa. Ziwa lipo, samaki migebuka wapo, mvua imeanza vizuri. Selina, yule mama muuza uji wa Gungu, anawasalimu sana ingawa hawajui.

Sasa neno lenyewe. Nasikia umepata kibarua kwenye kitalu cha miti hapo kambini. Hongera, lakini nani kakwambia unajua kulea mche? Nimefika Uvira, Kalemi, mpaka Mpulungu kwa meli, na darasa la tano nililisoma mara mbili ili niive. Mimi nina miche ya parachichi inakua kwa fujo hadi asubuhi inanisalimia kabla sijaiamkia. Tushindane. Wewe una shirika nyuma yako na mabomba ya maji, mimi nina mikono miwili na uzuri wangu. Atakayeshindwa atampikia mwenzake isombe, kisamvu chetu, na mgebuka mzima, kichwa kikiwemo.

Tena mwambie dada yangu, hapa pana nafasi yake. Asihangaike na mambo ya malori ya kurudisha wakimbizi kwetu. Aje achague kona anayotaka.

Mimi mjomba wako mwenye ekari,
Telesphory

*

Kambini, upande wa Kasulu
9 Desemba 2005

Marume Telesphory, mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako imefika kwa Bonifasi, yule dereva wa lori la mahindi, ikiwa imekunjwa ndani ya kofia yake na ina jasho lake. Sisi hatujambo. Mvua imetoboa turubai upande wa jiko, tumeziba kwa gunia. Mama hajambo kwa kiasi chake. Nilipomsomea habari ya shamba alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akauliza kama lina mteremko.

Nimekubali mashindano. Kwanza nikwambie unachopambana nacho, usije ukalia umeonewa.

Hapa zamani tulikuwa tunatumia viriba tu, vile vifuko vyeusi vya plastiki, tunavipanga chini. Kiriba ni rahisi na kinatunza maji, sikatai. Lakini mche ukikaa sana humo, mzizi unafika chini, unagonga plastiki, unaanza kuzunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Ukija kuupanda shambani unaendelea kuzunguka hivyo hivyo. Mti unasimama miaka miwili, upepo ukija unalala chini na mzizi wake kama kata ya kubebea mtungi. Na ukiuacha bila kuuhamisha, mzizi unatoboa kiriba unaingia ardhini. Siku ya kuung'oa unakatika, mche unanyauka mbele yako kama mgonjwa aliyenyimwa uji.

Mwaka huu shirika wametuletea vyungu vyeusi vyenye matundu ubavuni na chini. Tumevipanga juu ya meza za waya, visiguse ardhi. Rodgers, msimamizi wetu kutoka Morogoro, anasema mzizi ukichungulia kwenye tundu unakuta hewa tupu, ncha inakauka. Haufi, Marume. Unazaa mingine mingi nyuma yake, inajaza chungu chote. Anaita kupogolewa na hewa. Ubaya wake, vinakauka upesi, tunamwagilia asubuhi na jioni la sivyo tumeua.

Mimi vyungu hivyo sikupewa vya kwangu, kwa hiyo nimetoboa makopo ya mafuta ya msaada kwa msumari, nimeyaweka juu ya matofali. Kosa langu la kwanza: niliyaweka juani, bati likachemka, miche miwili ikaiva kama maharage. Sasa yako kivulini.

Wewe unatumia nini? Usiniambie viriba.

Mpwa wako,
Gloriose

Tena: Mama anasema ukipata nafasi umtumie imiti, ya huku haimsaidii.

*

Shambani, Mwandiga
20 Januari 2006

Gloriose mwenye maneno,

Hujambo? Dada hajambo? Heri ya mwaka mpya hata kama umeshazeeka. Krismasi nilikula kuku mpaka kuku wakafanya mkutano juu yangu. Selina kapata mafua, kapona. Ziwa lilichafuka wiki nzima, dagaa wakapanda bei, watu wakaanza kusalimiana kwa ukali.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikacheka zaidi. Hewa inapogoa mizizi! Hewa ina mkasi? Mimi nimezungukwa na hewa toka mwaka wa sabini na mbili nilipovuka mpaka kuja huku, mbona haijanipogoa hata kiriba hiki cha tumbo? Huyo Rodgers wa Morogoro mwambie aje nimpe uji.

Haya, nikuambie siri ya ushindi. Mimi viriba sitaki hata kuviona. Natumia vikapu vya mianzi, vile vilivyochakaa vya kubebea dagaa. Wavuvi wa Kibirizi wanavitupa, mimi naokota. Ndani natandika majani makavu ya mgomba udongo usivuje, najaza, napanda kokwa. Maji yanapita, upepo unapita, na harufu ya dagaa inafukuza wajinga. Ubaya wake mmoja tu: mwanzi unaoza. Ukichelewa kuhamisha, siku moja unanyanyua kikapu, kitako kinabaki. Lakini mimi huwa sichelewi.

Sasa dada kaomba miti, anasema ya huko kwenu haimsaidii. Nani hataelewa? Hata mgonjwa anajua mti mzuri uko kwa nani! Nimeonyesha mstari ule kwa kila anayejua kusoma hapa, na wawili wasiojua. Basi nakuletea kwa Bonifasi miche mitatu ya parachichi, niliyoichagua kama mabibi harusi. Mwambie dada imsaidie.

Shamba linaendelea vizuri, linawasalimu.

Telesphory, mfalme wa vikapu

*

Kambini
17 Februari 2006

Marume,

Shikamoo. Hatujambo. Imiti, Marume. IMITI! Wewe ni Mrundi au umeshakuwa mgebuka? Miti ya Kiswahili ni miti. Imiti ya kwetu ni dawa. Mama aliomba dawa ya presha, kwa sababu vidonge anavyopewa hapa vinamtia kizunguzungu. Wewe umemletea msitu.

Bonifasi alishusha vikapu vitatu vinanuka dagaa, paka wote wa kambi wakaja nyuma yake kama maandamano. Mama alikaa anavitazama. Nikasema, "Mama, hizi ndizo dawa zako." Akauliza, "Nameza kutwa mara ngapi?" Halafu akacheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Akasema, "Kaka yangu alivuka na akili moja, ya pili iliachwa ng'ambo inalinda mbuzi." Usikasirike. Sijamwona akicheka hivyo tangu tufike hapa.

Sasa nikupe haki yako. Mche mmoja tuliufungua mbele ya Rodgers, tukaulinganisha. Kiriba: mzizi umezunguka, kata kabisa. Kopo langu: mizizi mizuri, lakini upande wa juani imeungua, na kutu imeshika. Chungu cha shirika: mizuri sana, imejaa, nyeupe. Kikapu chako, Marume, kimevizidi vyote. Mizizi kama ndevu za padri, pande zote, hakuna hata mmoja uliozunguka. Rodgers akauliza kikapu kinauzwaje. Umeshinda. Isombe unanidai, uifuate.

Lakini kuna kitu kimenikaa kichwani. Kitako cha kikapu ni safi. Hakina udongo mwekundu, hakuna mzizi uliotoka ukakatika. Mche uliokaa chini, hata siku chache, huwa na alama. Huu haujagusa chini maisha yake yote. Na ubavu mmoja wa kikapu una chokaa, kama ya ukuta.

Najiuliza tu. Mtu mwenye ekari tatu anatundika miche ukutani kwa nini?

Nilimuuliza Bonifasi shamba lako likoje. Akasema ana haraka sana. Kisha akakaa akanywa chai vikombe vitatu.

Mama sijamwambia habari ya chokaa. Miche miwili iliyobaki kaiweka kitandani kwake, upande wa kichwa.

Gloriose

*

Mwandiga
11 Machi 2006

Mpwa wangu,

Natumai wazima, na mimi mzima, na walio wazima wanaendelea kuwa wazima.

Dawa hizo hapo kwa Bonifasi, zimefungwa kwenye soksi yangu mpya, soksi nayo ni zawadi. Nimekwenda duka la dawa mwenyewe. Kijana akaniuliza, "Mzee, dawa gani ya presha?" Nikamwambia ile ya mwanamke mwenye kaka kama mimi. Akasema basi atanipa yenye nguvu. Utani huo, nilimwonyesha jina kwenye ile karatasi yako ya pili aliyoniletea Bonifasi, akasoma, akatoa. Mumwonyeshe kwanza daktari wa hapo kambini kabla dada hajameza.

Imiti. Aibu hii nitaibeba mpaka kaburini, na najua mtaiandika juu ya msalaba. Lakini jamani, mtu anayelea miti mchana kutwa akiambiwa imiti atasikia nini? Muuza nyanya akiambiwa hata amani anasikia nyanya.

Kuhusu ukuta: hiyo ni kwa ajili ya mchwa. Na panya. Na pia jirani ana mbuzi mwenye tabia za kisiasa. Tena mkulima wa kisasa hawezi kuweka kila kitu chini, akiinama sana mgongo unamzoea. Na chokaa ni nzuri kwa mche, inautia moyo. Haya ni mambo ya kitaalamu, ukija kukua utayaelewa.

Kijana mmoja wa Ilagala alikuja kuniona kuhusu vikapu, nikamfundisha bure, akaondoka amebeba viwili ambavyo sikumpa. Kwa hiyo umaarufu upo.

Dada aache kuuliza habari ya mteremko. Mteremko upo. Kila kitu kipo.

Karatasi inakwisha.

Telesphory

*

Kambini
26 Aprili 2006

Marume Telesphory,

Shikamoo. Dawa zilifika, daktari aliziona, Mama anazitumia na kizunguzungu kimepungua. Asante. Soksi pia kaivaa, ingawa ni moja.

Karatasi yako ilikuwa na nafasi nusu ukurasa mzima. Niliigeuza nikaona.

Leo sina utani. Wanaandikisha watu wa kurudi. Wengi wa mtaa wetu wameshaandikisha, malori yataondoka kupitia mpaka wa Manyovu mwezi wa sita. Kutoka nyumbani tumepata habari: kiwanja cha babu kipo. Jirani alikuwa analima muhogo hapo, amesema akimuona Veneranda kwa macho yake atatoka bila kesi, lakini akimngoja mwaka mwingine atajua ameachiwa. Aliyetuletea habari ni mtu wa kanisa, si wa maneno mengi kama wewe.

Mama amekataa kuandikisha. Nimembembeleza, mchungaji amembembeleza. Anasema, "Niende nikapigane na mtu wa muhogo, na kaka yangu ana ekari tatu Mwandiga?" Amewaambia na majirani. Ameshachora. Marume, amechora chini kwa kijiti: nyumba hapa, parachichi hapa kwenye mteremko, jiko mbali na mti moshi usiukaushe. Kila asubuhi anafagia kila mahali, mchoro anauruka.

Wanafunga kuandikisha mwisho wa mwezi wa tano. Asipoandikisha sasa, kiwanja cha babu kimekwenda. Na kama Mwandiga hakuna kitu, basi atakuwa hana huko wala huku.

Nilijua tangu nilipoona kitako cha kile kikapu. Sikusema kwa sababu alikuwa anacheka. Sasa siwezi kumwambia mimi. Atasema binti amechoka na mama yake, anataka kumpakia kwenye lori. Lazima litoke kwako, kwa mwandiko wako.

Shamba lipo au halipo? Utani niachie mimi safari hii.

Gloriose

*

Gungu, nyuma ya banda la uji la Selina
14 Mei 2006

Gloriose, na wewe dada yangu Veneranda, maana najua atakusomea,

Salamu zenu nyote. Mimi mzima. Barua ilichelewa, Bonifasi aliharibikiwa na gia, ikalala njiani wiki mbili ndani ya kofia. Nimeipata jana. Selina ndiye aliyenisomea mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani miwani ina kasoro. Sina miwani.

Umesema utani nikuachie. Nimejaribu, mpwa wangu, ni kama kumwambia dagaa aache maji. Nivumilie kidogo, nitafika.

Hapa ninapokaa ni chumba kimoja. Ua wa Selina wote ni saruji. Ukidondosha kijiko kinaimba. Hakuna mahali pa kuchimba hata kaburi la mende. Niliokota kokwa za parachichi walizotupa wateja wa uji, nikaokota vikapu Kibirizi, nikakosa pa kuviweka, nikapigilia misumari kwenye ukuta wa choo. Ni ule ukuta uliopakwa chokaa. Selina alinitukana siku mbili, ya tatu akaanza kunimwagilia miche. Huo ndio utaalamu wangu wote. Rodgers akiuliza tena, mwambie asiye na pa kuweka mche chini, mche wake unaota mizizi mizuri. Na asije akatafuta fumbo hapo. Ni choo.

Sasa dada. Andikisha. Usingoje Jumapili. Miche miwili iliyo kichwani pako nenda nayo, usiivue vikapu. Mwanzi utaozea huko huko ardhini, mizizi ipite. Nimemuuliza Bonifasi, anasema kwenye lori wanaruhusu kikapu cha mkononi. Wakikataa, waambie ni imiti, hutakuwa umedanganya. Mmoja upande pale baba alipokuwa anafunga ng'ombe. Wa pili popote, ila si karibu na yule mtu wa muhogo.

Siku ya malori nitakuwa Manyovu. Nitasimama upande wa kulia, nimevaa shati jekundu la Selina kwa sababu la kwangu limechanika. Nitakuwa na mgebuka wa kukaanga kwenye gazeti. Najua mimi ndiye niliyeshinda, lakini isombe utanilipa siku nyingine. Msishuke kuniaga, mtaniliza mbele ya askari. Pungeni tu.

Msiniulize kwa nini mimi siji. Nimezoea uji.

Dada, ulikuwa unacheka tulipokuwa watoto kila nilipodanganya. Baba alikuwa ananichapa, wewe unacheka nyuma ya mlango. Kwamba umeshindwa kucheka tangu mfike hapo kambini, Bonifasi alinieleza. Ndipo nikaandika ile ya kwanza. Sikujua utachora.

Ufute huo mchoro. Ufute kwa mguu wako mwenyewe, Gloriose asikusaidie.

Shamba halipo. Sijawahi kuwa na shamba, hata la kufugia kuku mmoja. Nilidanganya.

Kaka yako,
Telesphory